Kiatu cha Mashine

Mashine yangu inatembea peku.
Tangu Novemba, kiatu chake cha brashi kilipopasuka
na nywele zake kunyonyoka moja moja,
inachonga msonobari na kutapika unga
sakafuni, kwenye chai, ndani ya miwani.

Siinyimi haki yake. Siku ya theluji ya kwanza
ilichonga dubu wanne wamebeba jeneza la mwindaji,
kibao cha mzinga wa nyuki wa binamu yangu Ludvik,
na dubu wa nyuma nilimwona analia.
Hakuwa akilia. Ni unga uliomjaa machoni.

Kiwanda kilichoizaa kilikuwa Graz.
Nilipiga simu, ikaita, ikaita,
akapokea binti wa duka la maua:
"Wale walihama zamani, mama.
Wameacha kalenda tu ukutani. Unahitaji maua?"
Nikasema sihitaji. Kisha nikasema, ngoja,
hiyo kalenda ni ya mwaka gani?

Basi nikaanza kuzurura na rula mfukoni.
Kwa Milojka, duka la vyuma karibu na daraja la Kokra,
bomba la milimita hamsini na saba lipo,
la sitini na tatu lipo.
Langu ni sitini.
"Hakuna kinachozaliwa sitini," akasema Milojka,
nami nina sitini na tisa, nikanyamaza.

Gulioni Jumapili nikapata mkanda
uliopungukiwa meno matatu, sawa na mwenye nao,
na kiunganishi cha mota, kimeviringishwa gazetini,
kipya, hakijawahi kuguswa na grisi.
Nilimlipa yule kijana kwa euro nne na mtungi wa asali
kabla hajajua anauza nini.
Lakini shingo ya bomba, hakuna.
Kiatu, hakuna.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nimeinama mimi, mpaka mgongo
ukasahau njia ya kurudi,
na mvunguni nikakuta soksi, maranda,
na skrubu ya kitanda nilichokwisha kukitupa.

Juu yangu anaishi Bwana Hribar.
Mota ikianza, naye huanza:
vikohozi vitatu, kisha fimbo sakafuni mara moja.
Nilishazoea, kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.
Usiku mmoja wa Januari akakohoa saba
na fimbo isije.
Nikazima mashine. Nikasimama na patasi mkononi
nikiisikiliza dari.

Asubuhi hodi mlangoni. Ni yeye,
na ndara, na koti juu ya pajama,
kwapani kipande cha bomba jekundu kama utumbo.
"Linapiga mluzi, bomba lako," akasema.
"Miezi miwili silali. Linavuja shingoni.
Miaka thelathini nimetengeneza vifyonza vumbi,
mluzi ule naujua hata ndotoni."
Akapima kwa kidole gumba. Akasukuma.
Likaingia, tap, kama droo ya meza nzuri.

"Hili umekuwa nalo tangu lini?"
"Tangu mwaka wa sabini na nane.
Hukuniuliza."

Na mimi niliyeinama Kranj nzima!
Kumbe cha mvunguni kilikuwa darini.

Nywele za kiatu tulizikata kwenye ufagio wa jivu,
tukazibana kwa ukanda wa viatu vyake vya kanisani,
bolti mbili, nati moja, ya pili imepotea.
Nikawasha. Unga ukainuka kidogo,
ukasita, ukageuka, ukaingia bombani
kwa adabu ambayo sikuwahi kuufundisha.
Dubu wa tano akatoka na macho makavu.

Bwana Hribar, juu ya debe la rangi, akakohoa.
Nikamtazama. Nikatazama hewa, safi.
"Ah, hicho," akasema, akipapasa mfukoni,
"hicho ni cha sigara."

Kiatu kinabana kidogo upande wa kushoto.
Kitalegea.